Bomba la Tisa

Tarehe 14 Agosti 1995, siku tuliyomzika Mzee, ukurasa mmoja wa daftari lake ulipotea. Ndivyo nilivyowaambia watu, na ndivyo walivyoamini. Haukupotea. Niliuchana mimi mwenyewe asubuhi ile, nyuma ya choo cha misheni, watu wakiwa wameshakaa kwenye mabenchi wakisubiri.

Tuliojua jambo hili tulikuwa wawili hapa Kintinku, na mwaka huu mwenzangu naye tumemzika. Nimebaki peke yangu nalo. Ndiyo maana naandika.

Mimi niliishia darasa la saba. Niliingia karakana ya maji nikiwa kijana, kazi yangu ikiwa kubeba vifaa, na Mzee ndiye alikuwa fundi mkuu wa pampu za mkono. Alikuwa Mzungu kutoka nchi tuliyoiita wakati ule Yugoslavia. Yeye alisema Kroatia, nasi tukadhani hilo ni jina la kijiji chake. Alikuja na kampuni ya kwao ya kuchimba visima. Kampuni ilipofunga mizigo na kuondoka, yeye akabaki. Hakuoa. Alikula ugali wa uwele na mlenda kama sisi, ila mlenda aliula kwa kijiko, na watoto walikuja kuchungulia mlangoni kwa ajili ya kijiko hicho. Ukimwamkia shikamoo aliitika marahaba kwa sauti nzito kama mzee wa ukoo. Kigogo alijua salamu tu, lakini salamu alizijua zote.

Jambo moja kwake lilikuwa la ajabu. Hakukanyaga stesheni. Vipuri vyetu vililetwa kwa treni, na kila mara alinituma mimi au mwenzangu, mbeba vifaa kama mimi, kwenda kuvichukua. Treni ikipita tukiwa kazini, aligeuka akaipa mgongo mpaka iishe. Tulidhani ni masikio, kwamba kelele zinamuumiza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pampu ikiharibika, unafungua kichwa chake, halafu unavuta mabomba yaliyozama kisimani, moja baada ya jingine. Unabana moja kwa klampu kwenye mdomo wa kisima, unafungua lililo juu yake, unaliweka pembeni, unavuta tena. Hatari ni kuteleza. Bomba likianguka ndani na wewe umepoteza hesabu, hujui limebaki lipi huko chini, na kisima kinaweza kufa hivyo hivyo. Mafundi wengine walihesabu kwa namba. Mzee alisema namba mtu anaisahau akiitwa kula. Yeye alihesabu kwa watu. Kila bomba alilipa mmoja wa wazee wa ukoo wake, yule wa zamani kabisa chini majini, baba yake juu.

Visima vyetu vingi vilikuwa na mabomba tisa. Kisima kikiwa kifupi, aliwaacha wale wa zamani, akisema wapumzike. Kikiwa kirefu zaidi, aliongeza farasi wa babu wa kwanza. Lakini bomba la juu lilikuwa Baba siku zote. Yule hakuwahi kuachwa.

Majina yao yalitushinda kutamka, kwa hiyo mimi na mwenzangu tuliwapa majina ya kazi zao, na Mzee akayakubali.

Wa kwanza alikuwa Mvuka Mto. Zamani sana, kabla mtu yeyote wa ukoo ule hajawa bwana, alikuwa mchunga farasi. Mfalme wa Hungaria alikuwa akikimbizwa na maadui, akafika kwenye mto uliojaa, na yule mchungaji akamvusha mgongoni. Akapewa bonde zima. Mwenzangu aliposikia alisema huku kwetu angepewa ndama, tena dume.

Wa pili alikuwa Mwenye Ngome. Waturuki walimzingira ndani ya ngome ya mawe mpaka watu wakachemsha ngozi za matandiko ya farasi wakala. Alipoona hakuna msaada utakaokuja, alifungua lango akatoka na wachache waliobaki wakiwa na nguvu za kusimama. Hakurudi. Watoto wa kule, alisema Mzee, wanamwimba mpaka leo.

Wa tatu Askofu. Huyu alikusanya vitabu vingi kuliko mfalme, na wajukuu wake pia walikuwa wengi. Tuliuliza askofu anapataje wajukuu. Mzee akasema, "Alikuwa askofu asubuhi."

Wa nne Wa Shoka. Yeye na wenzake walipanga kumtoa Kaisari wa Viena kwenye nchi yao. Barua yao ikakamatwa. Akakatwa kichwa uwanjani, na mali ya ukoo ikachukuliwa yote, mpaka vijiko.

Wa tano Mama, mwanamke pekee kwenye kisima. Alikuwa mke wa mtoto wa Wa Shoka, na aliachwa mjane na nyumba tupu. Alikwenda Viena kudai, akafukuzwa, akarudi mwaka uliofuata, akafukuzwa, akarudi. Wakachoka wakampa nusu ya bonde. Akapanda zabibu. Mke wangu alimpenda huyu kuliko wote, aliuliza habari zake kama za shangazi yake. Tulipopata bomba jipya, Mzee alimpa Mama.

Wa sita Jenerali. Alipigana vita vya Kaisari nchi nyingi, kifua kikajaa nishani. Wakulima wa bonde walipokataa siku za kazi za bure, aliwanyonga kwenye miti iliyopanga njia ya kwenda nyumbani kwake, ili wageni wapite katikati yao. Sisi tukampa bomba lenye kutu. Siku moja mwenzangu alitaka kuliacha pembeni, akasema huyu hafai kunywesha watu. Mzee alikasirika, jambo ambalo hatukulizoea. Akasema: "Mrudishe. Huwezi kuchukua wazuri tu. Ukimtoa mmoja, maji hayapandi."

Wa saba Mwandishi. Wakati wake mabwana wote walizungumza Kijerumani au Kihungaria, na lugha ya wakulima waliona ni ya kuitia farasi. Yeye akaandika vitabu kwa lugha hiyo ya wakulima, ndugu zake wakamcheka mezani. Mimi nilimpenda huyu. Nilichapwa shuleni kwa kusema Kigogo.

Wa nane Mcheza Karata, babu yake Mzee. Alipoteza msitu wote kwa mchana mmoja, akarudi nyumbani akiimba. Nyuzi za kufungia bomba lake zilikuwa zimechakaa, halikazi vizuri. Mwenzangu akasema, "Mzee, babu yako huyu nyuzi zimekwisha." Mzee akamjibu, "Hazikuwepo tangu akiwa hai."

Wa tisa alikuwa Baba, na Baba hakuwa na hadithi. Tulimuuliza miaka na miaka. Jibu lilikuwa lile lile: Baba ni wa juu. Na kichwa cha pampu, je? "Hicho ni mimi," alisema. "Kelele nyingi, na maji si yangu."

Sitaki kuficha kwamba mimi nilinufaika na watu hawa. Nilikwenda vilabuni nikawasimulia. Nilisema fundi wangu ni mtoto wa watemi wa Ulaya, na kwamba mimi ndiye mtu wake wa karibu. Watu walinisogezea kiti. Mimi niliyekuwa mtoto wa mtu asiye na ng'ombe hata mmoja, nilitembea na wafu wa mtu mwingine nikaheshimiwa kwa ajili yao.

Halafu ikaja miaka ya mambo kufunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa redio, mashuka, viatu vya mitumba, na betri, ambazo zamani tulizitafuta mpaka Dodoma. Mzee akanunua betri akawa anasikiliza redio yake mchana kutwa, maana kwao vita ilikuwa imeanza na Yugoslavia ilikuwa inavunjika. Hakutuambia anachosikia. Alikonda.

Siku aliyotuambia habari za Baba tulikuwa kisimani, kitongoji kimoja upande wa mbugani. Tulikuwa tumemaliza kushusha mabomba nane. Mimi nimeshika la tisa, mwenzangu ameshika klampu. Treni ilisikika mbali, treni ya mizigo, na siku hizo ilikuwa inapakia ng'ombe wengi. Mzee akaipa mgongo kama kawaida yake. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kusema.

Alisema baba yake alikuwa mkuu wa wilaya kwao wakati wa vita kuu, chini ya serikali iliyoshirikiana na Wajerumani. Serikali ile ilitaka majina ya watu wa madhehebu mengine na mataifa mengine waliokaa katika wilaya. Wakuu wengine walichelewesha, wengine walisema hawana watu hao. Baba yake aliandika. Aliandika vizuri, nyumba kwa nyumba, hakumsahau mtu, maana aliwajua wote. Aliyeshona viatu vya Mzee akiwa mtoto alikuwemo, na mke wake, na watoto wake watano.

"Akanipa bahasha," Mzee alisema. "Nilikuwa na baiskeli. Akasema, peleka stesheni. Nikapeleka."

Mwenzangu akamuuliza kama alijua kilichomo.

"Bahasha haikugundishwa. Nilisoma njiani."

Baada ya siku chache watu wale walipakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe, mchana, watu wakiona. Hakuna aliyerudi. Vita ilipokwisha baba yake alipigwa risasi na walioshinda, na bonde likachukuliwa.

Mimi nikasema kile ambacho mtu anasema. Nikasema, "Mzee, ulikuwa mtoto."

Akanitazama. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wewe kwa miaka kumi na saba ulikuwa mtoto?"

Kwa miaka kumi na saba mimi nilikuwa nachunga ng'ombe wa watu peke yangu mpaka Bahi, na nilikuwa nimeshaanza kuulizia mke. Akasema, "Shusha." Nikashusha bomba la tisa, tukafunga kichwa, kina mama wakachota maji.

Baada ya hapo hakusema tena, wala sisi hatukuuliza. Vilabuni niliendelea kusimulia wale wanane.

Mwaka wa tisini na tatu tulipunguzwa kazini, mimi na mwenzangu pamoja. Karakana ikabaki na mlinzi. Mwenzangu akaanza kuuza mitumba kwenye minada, Kintinku leo, Manyoni kesho. Mimi sikuwa na kichwa cha biashara. Nilikaa. Aliyezoea kusogezewa kiti akawa anatafuta kiti. Mzee alihamia chumba kimoja misheni, na mwanzo wa mwaka wa tisini na tano akaanza kuumwa kifua, hakuinuka vizuri tena.

Kwetu mtu akifa, kabla ya kumshusha, husomwa wasifu wake: alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, alifanya nini, ameacha nani. Mzee alikuwa amehudhuria mazishi mengi na desturi hii aliipenda. Alisema kwao mtu husomewa sala, hasomewi maisha yake. Akanituma nikanunue daftari, akaniambia nina mwandiko mzuri, akaanza kunisomea maneno nami nikaandika. Kila mtu wa ukoo wake alitaka awe na ukurasa wake. Tulitumia wiki tatu, kidogo kidogo, akipumzika katikati. Ukurasa wa tisa aliusema siku moja, wote, bila kupumzika, na yale ya baiskeli na bahasha yalikuwemo. Ukurasa wa kumi ulikuwa maisha yake hapa: visima, na watu aliofanya nao kazi.

Alipomaliza alinishika mkono. "Usome wote. Kama utashindwa kusoma wa tisa, usisome hata mmoja. Unizike kimya."

Nikasema, "Nitasoma, Mzee."

"Kwetu haliwezi kusemwa," akasema. "Nataka lisemwe mahali fulani duniani, watu wakiwa wamesimama wanasikiliza."

Nikarudia kwamba nitasoma. Wala sikuwa namdanganya wakati huo.

Alikufa siku ya Jumamosi. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa vyama vingi, na wagombea walikuwa hawakosi msiba wowote. Mmoja wao akaleta turubai, mchele na sukari. Jumapili mchana aliniita pembeni ya gari lake. Alikuwa amesikia habari za ukoo wa Mzee, na alizisikia kutoka kwangu, maana mimi ndiye niliyezitangaza miaka yote. Aliniambia atakuja na wageni kutoka Dodoma, marafiki zake wanaoanzisha kampuni ya visima, kwa vile sasa serikali imewaachia watu binafsi kazi hiyo. Watahitaji mtu anayevijua visima vya huku kimoja kimoja.

"Soma vizuri, fundi," akasema. "Wageni wajue tumemzika mtu mkubwa."

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwepo. Yeye akaongeza kwamba watu wamefurahi kijiji chetu kuzika mtoto wa watemi, na hata wa Ilindi wanatuonea wivu.

Kuna siku nimejaribu kujiambia kwamba nilimlinda Mzee. Kwamba marehemu hasemwi vibaya, kwamba watoto waliompenda kwa ajili ya kijiko wasingemwelewa. Mambo hayo ni ya kweli, lakini siyo yaliyonipeleka nyuma ya choo. Nilikuwa sina kazi mwaka wa pili. Nilitaka kazi. Na nilitaka kusimama mbele ya wageni nikiwa mtu wa karibu wa mtu mkubwa. Nikauchana ukurasa wa tisa, nikaukunja mara nne, nikautumbukiza chooni. Kisha nikanawa mikono, kwa sababu watu walikuwa wakiona naingia na kutoka.

Nikasoma. Nilisoma vizuri mno. Kwa Askofu watu walicheka kidogo wakaziba midomo. Kwa Wa Shoka akina mama waliguna. Kwa Mama nilimwona mke wangu akifuta macho kwa kanga. Nilipofika mahali pa Baba ningeweza kuruka tu, na hiyo ingekuwa dhambi moja. Lakini kulikuwa na pengo, na watu hupenda kujua baba wa marehemu. Nikainua macho kwenye daftari nikasema, kwa sauti ile ile ya kusoma:

"Baba yake alikuwa mkuu wa wilaya, kiongozi aliyewajua watu wake wote nyumba kwa nyumba."

Maneno yale niliyachukua kutoka kwenye ukurasa wenyewe. Niliyageuza yakawa sifa. Mgombea alitikisa kichwa kwa heshima. Mimi nikaendelea na ukurasa wa kumi.

Mwenzangu alikuwa na koleo, kati ya watu wa kufukia. Tulipomaliza alinisogelea akijipangusa udongo. Hakupandisha sauti.

"Bomba la juu umeliacha wapi?"

Nikamwambia ukurasa umepotea.

"Umepotea," akasema. Akachukua koleo lake akaondoka. Tangu siku hiyo tuliamkiana kwa miaka yote iliyofuata, hakuniapiza, hakunisema kwa watu. Ila hakuniita tena fundi. Aliniita msomaji. "Msomaji, hujambo? Msomaji, nyumbani wazima?" Watu walidhani ni utani kwa sababu nilisoma vizuri msibani.

Kazi niliipata. Ningependa kuandika kwamba walinidanganya, ingekuwa adhabu ya kutosha, lakini hawakunidanganya. Nilifanya kazi kwenye kampuni yao nikawaonyesha visima, nikaezeka nyumba yangu kwa bati. Bati hizo ziko juu yangu ninapoandika haya.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, akaja mgeni. Alikuwa binti wa dada yake Mzee, mama wa makamo, nywele zimeanza mvi, viatu vya kutembelea porini ambavyo vilionekana ni vipya. Vita kwao ilikuwa imekwisha. Alifuatana na sista kutoka Dodoma, Mtanzania, ambaye alijua Kiingereza. Walikuja nyumbani kwangu, mke wangu akawapa viti na maji, halafu mgeni akaomba twende kaburini, na akaomba nichukue daftari.

Tulikwenda watatu. Njiani sista alinieleza alichokuwa anaambiwa. Mjomba alimwandikia barua kabla ya kufa, akamwambia yupo fundi atakayesoma ukoo wote kaburini, pamoja na babu yule, baba yake Mzee. Mama yake huyu mgeni alikufa bila kulitamka jambo hilo, na huko kwao sasa wapo watu walioanza kumsifu babu huyo upya, picha yake wameitundika ukutani. Yeye ana watoto na hajui awaambie nini. Barua ile ilimpa nguvu, kwamba angalau mahali pamoja limesemwa. Amekuja kupaona mahali hapo.

Tulipofika kaburini aliuliza, na sista akatafsiri: "Anauliza, ulisoma wote?"

Nikasema, "Ndiyo."

Sikufikiri. Jibu lilitoka kama pumzi. Mgeni akanishika mikono yote miwili, akalia, akanishukuru kwa lugha yake. Halafu akaomba nimsomee hapo hapo, kama nilivyosoma siku ile. Alisema hatajua maneno, atasikia tu.

Akakaa chini kwenye udongo, akaweka mikono miwili wazi magotini, vidole vyote kumi vimenyooka. Nikaanza kusoma. Nilipomaliza Mvuka Mto, sista akamnong'oneza huyo ni nani, naye akakunja kidole kimoja. Mwenye Ngome, akakunja. Askofu, akakunja akitabasamu. Nikaelewa kwamba anahesabu. Yeye pia alihesabu kwa watu, pengine ndiyo desturi ya nyumba yao, pengine Mzee aliitoa huko. Wa Shoka. Mama. Mkono wa kushoto ukawa ngumi. Jenerali, akakunja kidole kidogo cha kulia. Mwandishi. Mcheza Karata. Vilibaki viwili, kidole cha shahada na gumba.

Nikafungua ukurasa uliofuata, na uliofuata ulikuwa wa kumi. Nikasoma visima, nikasoma karakana. Sista akanong'ona. Mgeni akasita, kisha akakunja gumba. Kidole cha shahada kikabaki kimenyooka peke yake gotini. Alikiangalia, halafu akaniangalia mimi.

Nikafunga daftari.

"Sista," nikasema, "mwambie sikuusoma."

"Hukusoma nini?"

"Wa babu yake. Siku ya mazishi sikuusoma. Niliuchana. Nikasema mahali pake maneno ya uongo, nikamsifu. Na sasa hivi nimemdanganya."

"Una hakika unataka nimwambie hivyo?"

"Mwambie."

Akamwambia. Mgeni hakuondoa macho kwangu. Aliuliza kitu kifupi.

"Anauliza ukurasa uko wapi."

"Niliutupa chooni."

"Hilo nalo nimwambie?"

"Lote, Sista."

Akamwambia hilo nalo. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, naona viatu vyake tu, vumbi jekundu limevishika. Nilisikia mbuzi wa misheni wakila majani upande wa pili wa ua. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na nimeishi miaka mingi tangu hapo. Kisha mgeni akasema maneno machache.

"Anasema, wewe uliuandika kwa mkono wako. Anasema, sema sasa."

Nikasimama wima. Sikuwa na karatasi, lakini niliukumbuka. Nilisema kwamba wa tisa alikuwa baba yake Mzee, mkuu wa wilaya. Nilisema aliandika orodha, nyumba kwa nyumba, hakumsahau mtu. Nilisema habari za fundi viatu na mke wake na watoto wao watano. Nilisema wakuu wengine walichelewesha na yeye hakuchelewesha. Nilisema habari za baiskeli, na bahasha ambayo haikugundishwa, na kwamba aliyeipeleka aliisoma njiani akaipeleka hivyo hivyo, na alikuwa na miaka kumi na saba. Nilisema mabehewa yalikuwa ya ng'ombe. Sista alitafsiri sentensi kwa sentensi. Waliosimama wakisikiliza tulikuwa wawili, mimi na Sista, na mimi ndiye nilikuwa nasema.

Nilipomaliza mgeni alikaa vile vile. Halafu akakunja kidole.

Hakunishukuru tena, wala hakunilaumu. Akainuka, akajipangusa, tukaanza kurudi kwa miguu. Njia ya kurudi inavuka reli. Treni ya mizigo ilikuwa inakuja kutoka upande wa Dodoma, tukasimama kando kuisubiri. Mimi niligeuka nikaipa mgongo, kwa mazoea ya Mzee. Yeye aliitazama, behewa baada ya behewa, mpaka la mwisho likapita, ndipo tukavuka.